Fundi, Rangi Yangu Haikai Ndani ya Mstari

Katika toleo lililopita tulionyesha kadi ya harusi iliyopigwa mhuri wa binti mwenye kikapu cha maua na kutiwa rangi kwa maka za wino wa spiriti, tukawaomba wasomaji waliowahi kujaribu kazi ya namna hiyo watuandikie walipokwama. Barua zimekuja, na karibu zote zinalalamikia mahali pamoja. Hakuna aliyeshindwa na gauni wala na anga. Watu wameshindwa na vifungo, macho, vidole, hereni, na maua yaliyo madogo kuliko punje ya mchele. Tumechagua barua tano, tukazifupisha, na kumkabidhi fundi wetu azijibu.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Ninatengeneza kadi za harusi na za siku ya kuzaliwa hapa Tanga. Nilinunua seti ya maka zenye ncha mbili, moja ya brashi na nyingine pana. Gauni linatoka vizuri, lakini nikifika kwenye vifungo na utepe wa kichwani, rangi inavuka mstari hata kama ncha yenyewe haijaugusa. Mkono wangu hautetemeki, na nimejaribu kila ncha niliyonayo. Kosa ni langu au la kalamu?

JIBU: Nzuri, dada yangu. Kalamu haina kosa, na mkono wako hauna kosa pia. Umeutendea tu wino huu kama ule wa kalamu ya shule. Wino wa kuandikia hukaa ulipowekwa. Wino wa maka hizi ni rangi iliyoyeyushwa katika spiriti, na spiriti ikishaingia kwenye karatasi hufyonzwa na nyuzi zake na kutambaa kwenda pembeni mpaka ikauke, huku ikiibeba rangi pamoja nayo. Mstari mweusi wa mhuri hauwezi kuizuia, kwa sababu mstari huo ni alama iliyo juu ya karatasi na wino unapita ndani ya karatasi yenyewe. Ukijaza kifungo hadi ukingoni, umekwisha kuvuka ila bado hujaona. Utaona baada ya sekunde chache.

Kwa hiyo ukifika kwenye kitu kidogo, cha kupima ni kiasi cha wino unaouingiza. Tuseme kifungo kina upana wa milimita 3. Kwanza gusisha ncha kwenye karatasi chakavu mara mbili au tatu ili wino uliojikusanya mwishoni upungue, maana maka mpya, au ile iliyotoka kujazwa, huwa imelewa wino. Kisha ishike wima, iguse karatasi katikati ya kifungo kwa ncha kabisa ya brashi, na uinue papo hapo. Usipake, gusa tu. Utaona doa la ukubwa wa kichwa cha pini likifunguka polepole kama tone la mchuzi kwenye kanzu, na kadiri linavyokaribia mstari mwendo wake unapungua. Liache limalize safari yake. Likibakiza weupe upande mmoja, gusa tena karibu na upande huo, lakini bado ndani ya mstari kwa takriban nusu milimita. Vifungo vyangu vingi humalizika kwa mguso mmoja, na ule weupe unaobaki pembeni mithili ya ukucha mwembamba huwa ninauacha, kwa kuwa unaonekana kama mng'aro wa kifungo chenyewe.

Utepe nao ni mwembamba na mrefu, hivyo hauguswi, unavutwa. Pitisha ncha katikati yake kwa mkupuo mmoja wa haraka. Kasi ya mkono ni kipimo cha wino pia: mkono wa polepole, ambao wengi wetu tunauona ndio wa uangalifu, humwaga wino maradufu.

Jambo jingine ni unyevu. Kwenye gauni tunaweka rangi ya pili kabla ya ya kwanza kukauka, ili ziingiliane bila kuacha mpaka. Kwenye kitu kidogo fanya kinyume chake. Ukigusa kifungo cha bluu wakati gauni la waridi linalokizunguka bado lina ubichi, bluu itakimbilia kwenye gauni, kwani imekuta njia imekwisha kulowanishwa. Subiri dakika 5, shika kadi nyingine, kisha urudi. Kama kifungo kimekoza kuliko gauni, wala usihangaike kukikwepa: paka gauni lote likipite, likauke, halafu weka kifungo juu yake. Kama kifungo ni chepesi, kwa mfano njano juu ya bluu, hapo lazima ukikwepe, kwa sababu wino huu hauzibi, wa chini huonekana kupitia wa juu, na utaishia na kifungo cha kijani ambacho hukukitaka.

Hukutaja unatumia karatasi gani, ila kwa dalili ulizoeleza ninashuku ni manila ya kawaida, ile ya mabango ya darasani. Nyuzi zake zimelegea na wino hupenya kama maji kwenye mchanga. Kabla ya kununua karatasi nyingi, omba kipande dukani ufanye jaribio hili: simamisha ncha ya maka iliyokoza bila kuisogeza, hesabu moja hadi tatu, inua, kisha tazama baada ya dakika 1. Doa likiwa duara lenye ukingo safi, karatasi inafaa; likitoa vijimizizi kama mche wa mpunga uliong'olewa, iache. Tafuta karatasi ngumu, laini, isiyong'aa, ya gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba. Ile inayong'aa kama jalada la gazeti hainywi wino vizuri, na rangi hubaki juu ikiteleza na kuacha michirizi. Weka karatasi nyingine chini yake, kwa kuwa wino hutokea upande wa pili hata kwenye karatasi nzuri, jambo ambalo meza ya mama mkwe wangu inaweza kulishuhudia.

Kadi zilizokwisha kuharibika usizitupe. Seti nyingi huwa na maka isiyo na rangi, iliyojaa kimiminika kitupu. Katika maka za Copic, chapa ya Kijapani, ndiyo yenye alama 0. Watu hudhani inafuta, kumbe inasukuma. Ngoja doa likauke, weka ncha yake kwenye karatasi nyeupe nje ya doa, na uisogeze kuelekea kwenye mstari ili rangi irudi ilikotoka. Ikikauka, rudia. Njano na waridi jepesi huondoka karibu zote. Nyekundu iliyokoza na bluu huacha kivuli, na ukilazimisha karatasi itaota manyoya. Ikifika hapo mimi huchukua mkasi, nikaikata picha kwa kufuata mstari na kuigundisha juu ya kadi nyingine. Kosa hubaki kwenye vipande vya sakafuni, na mteja akiiona picha imeinuka anadhani ndiyo mtindo.

SWALI: Fundi, mimi ni kijana wa Dodoma, ninaanza. Mihuri ya picha ninayo, na ninatumia pedi ya wino wa zambarau, ile ya ofisini. Nikianza kutia njano, mistari inayeyuka na njano inakuwa rangi ya matope. Nimeshauriwa nitafute wino wa kudumu. Ni kweli?

JIBU: Mdogo wangu, ushauri huo utakupotezea fedha usipokuwa mwangalifu. Neno "kudumu" huandikwa kwenye pedi za kila aina, na mara nyingi maana yake ni kwamba wino hauondoki kwa maji. Wewe adui yako ni spiriti. StazOn, kwa mfano, ni wino mzuri sana wa kupigia mhuri kwenye kioo, chuma na plastiki, lakini umetengenezwa kwa kiyeyushi, na maka ya spiriti ikipita juu yake huuyeyusha na kuuburuta. Unachohitaji ni wino wenye asili ya maji unaokauka ukamalizika. Uliozoeleka zaidi kwa kazi hii ni Memento wa Tsukineko, kampuni ya Japani, na mweusi wake huitwa Tuxedo Black. Zambarau ya ofisini huchelewa kukauka na rangi yake huyeyuka kwa spiriti, kwa hiyo hata ukiisubiri hadi kesho itakuaibisha. Ninasema haya nikikumbuka kadi 24 za kipaimara nilizoziweka juani mchana kutwa nikiamini jua litanisaidia. Jua halikunisaidia.

Wino wowote utakaoupata, piga mhuri kwenye kipande, subiri dakika kama 10, kisha pitisha maka ya njano juu ya mstari. Njano haifichi siri: mstari ukiachia hata kidogo, utaona. Ncha ikichafuka, ichore kwenye karatasi chakavu mpaka irudi kuwa safi kabla hujaifunika, la sivyo uchafu huo utautembeza usoni mwa picha inayofuata. Ukikosa pedi ya aina hiyo huko uliko, soma jibu la barua ifuatayo.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa Morogoro, nina umri wa miaka 67. Mjukuu wangu aliniletea mihuri na maka, na kazi hii imenipa burudani kubwa jioni. Hata hivyo macho yamepungua nguvu na mkono wa kulia unatetemeka kidogo. Maua na nyuso za mihuri hii ni ndogo mno. Je, nikubali kwamba vitu vidogo ni vya vijana?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Usikubali hata kidogo. Kama picha ni ndogo kwako, ikuze.

Maka za Copic zilitolewa mwaka 1987 na kampuni ya Too ya Japani, na jina lenyewe linatokana na neno la Kiingereza "copy", yaani kunakili, kwa sababu zilikusudiwa wachoraji waliokuwa wakitia rangi juu ya nakala za mashine. Unga mweusi wa mashine ya fotokopi hauyeyuki kwa spiriti, kwa hiyo mistari yake hubaki imara hata maka ikipita juu yake mara tano. Piga mhuri wako vizuri mara moja kwenye karatasi nyeupe kwa wino wowote mweusi, nenda kwa mpiga fotokopi, na umwombe aikuze kwa asilimia 141, ambacho ndicho kipimo kinachogeuza ukurasa wa A4 kuwa A3. Jicho lililokuwa na milimita 2 litakaribia 3, na tofauti hiyo utaiona mkononi kuliko inavyosikika kwa maneno. Nenda na karatasi yako nzuri ya gramu 200, lakini muulize kwanza kama mashine yake inaikubali, kwani nyingine hukwama. Printa ya leza inafanya kazi ile ile. Printa ya wino wa majimaji usiiamini kabla ya kuijaribu.

Hapa niweke angalizo kwa wote. Picha iliyo kwenye mhuri ni mali ya aliyeichora. Kampuni nyingi za mihuri huruhusu kuuza kadi ulizozipiga mhuri kwa mkono mmoja mmoja, lakini hukataza kuuza nakala za mashine. Mwalimu anayejiburudisha jioni hana tatizo; mwenye biashara asome masharti yaliyo kwenye pakiti.

Kuhusu mkono, habari ni njema kuliko unavyodhani. Anayetetemeka huteseka anapochora mstari, lakini nimemweleza dada wa Tanga kwamba vitu vidogo havichorwi, vinaguswa. Laza ubavu wote wa kiganja juu ya meza, usiache kiwiko kikining'inia, shusha ncha, inua. Ukilazimika kuvuta mstari, uvute kuelekea kifuani kwako, na uizungushe karatasi badala ya kuukunja mkono. Mimi huizungusha hata mara 20 kwenye picha moja. Taa iwe upande wa kushoto, ili kivuli cha mkono kisilale juu ya unachokitazama. Kioo cha kukuza chenye mguu, wanachotumia mafundi saa, kinafaa pia, ila kina mazoea yake: wiki ya kwanza utajikuta unagusa pembeni ya ulipokusudia. Kivumilie.

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Niko Mombasa. Nilichora mwanamke aliyejitanda leso, nikampelekea fundi wa mihuri akanitengenezea mhuri wa mpira wenye urefu wa sentimita 8. Nataka niutumie kwenye kadi za arusi. Shida zangu ni tatu. Uso wake ni mweusi kama wetu, na nikimaliza kuupaka mistari ya pua na macho inazama, haionekani. Leso ina madoa madogo na pindo la maua ambalo ncha ya maka haiingii. Tena vidole vyake vina piko, ule urembo mweusi wa mikononi, sijui nianzie wapi.

JIBU: Wa aleikum salaam, bibie. Barua yako imenifurahisha kwa sababu mihuri mingi ya dukani hutoka Marekani na Uingereza, na maelekezo yanayokuja nayo hudhani kila uso ni wa rangi ya chapati mbichi. Acha tuanze na uso, kisha leso, na piko tutaimaliza haraka.

Kosa la kawaida kwenye uso mweusi ni kuanza na rangi iliyokoza kwa hofu kwamba utaonekana mweupe. Uso wa mhuri wako, nikikadiria, una upana wa sentimita 1 na nusu. Wino uliokoza ukiingia mapema hakuna pa kwenda tena. Chagua hudhurungi tatu za ukoo mmoja. Katika Copic ningechukua E25, E27 na E29. Herufi ni ukoo wa rangi, na E ni ukoo wa udongo. Tarakimu ya kwanza inaonyesha jinsi rangi ilivyofifia kuelekea kijivu, na ya mwisho inaonyesha ukozaji, 0 ikiwa nyepesi kabisa na 9 iliyokoza kabisa. Ndiyo maana hizi tatu zinapatana: zimetofautiana kwenye tarakimu ya mwisho tu. Mwenye seti ya kampuni nyingine achore madoa ya hudhurungi zake zote kwenye karatasi ile ile atakayoitumia na achague kwa macho, kwani rangi ya kifuniko mara nyingi haifanani na rangi ya wino.

Paka uso wote kwa E25, ukiruka weupe wa macho. Kabla haujakauka, gusa kwa E27 chini ya ukingo wa leso, pembeni mwa pua na chini ya kidevu. E29 iende kwenye shingo na kwenye kona ambako leso inamwaga kivuli, basi. Pale usoni kwenyewe iache. Rudi na E25 ukilainisha mahali rangi zinapokutana, kwa mguso mwepesi, maana kila mzunguko unaongeza wino na wino unatafuta mlango wa kutokea. Midomo na mashavu yasubiri uso ukauke kabisa. Shavu la mtu mweusi halipendezi kwa waridi la maziwa, hugeuka kama limepakwa unga. Tumia hudhurungi yenye wekundu.

Mistari iliyozama irudishe. Uso ukishakauka, chukua kalamu nyeusi yenye ncha ya milimita 0.05 na wino usioyeyuka, ufuate kope, mstari wa pua na mpaka wa midomo, kwa vipande vifupi badala ya mstari mmoja mzito. Kisha weka mwanga kwa penseli ya rangi iliyochongwa hadi ichome kidole: kwenye paji, kwenye mgongo wa pua, na juu ya shavu. Penseli hiyo isiwe nyeupe, kwani nyeupe juu ya hudhurungi huonekana kama ngozi iliyopauka isiyoona mafuta. Tumia ya rangi ya asali. Penseli ije baada ya maka na baada ya kalamu ya mstari, kwa sababu nta yake huziba ncha za kalamu nyembamba na kuchafua brashi ya maka. Nimezika kalamu mbili nzuri kabla sijakubali jambo hilo.

Macho ni ya mwisho. Kama uliweza kuruka weupe wake, shukuru. Kama rangi imeingia, weka nukta ya kalamu nyeupe ya jeli, iache ikauke, weka nukta ya pili ikiwa ya kwanza imefifia. Juu yake weka mboni kwa ile ncha ya 0.05. Halafu, ndani ya mboni, nukta nyeupe ndogo kuliko zote utakazoweka siku hiyo. Nukta hizo mbili zikae upande mmoja katika macho yote mawili, mathalani juu kushoto, kwa sababu taa inayommulika ni moja. Ukiweka moja kushoto na nyingine kulia umempa makengeza siku ya arusi. Usirudi kamwe na maka juu ya jeli, itaikoroga.

Sasa leso. Nyie Mombasa mnaiita leso na sisi tunaiita kanga, jina ambalo wengi hulihusisha na ndege kanga kwa ajili ya madoa yake, na kwa bahati madoa ndiyo kitu ambacho maka za spiriti zinakifanya vizuri kuliko unavyotarajia. Paka mji wote wa leso, yaani sehemu ya kati, rangi moja, tuseme nyekundu, na uuache ukauke. Chukua ile maka isiyo na rangi, yaani 0, ushushe ncha yake mahali unapotaka doa, na uhesabu "moja" kabla ya kuinua. Usitazame mara moja, nenda kwenye doa la pili. Ukirudi baada ya nusu dakika utakuta spiriti imeisukuma nyekundu pembeni kwa mviringo, katikati pamebaki waridi jepesi na ukingo wake umekoza, doa hasa la kitambaa kilichochapwa. Ukihesabu hadi mbili doa litakuwa kubwa zaidi, kwa hiyo mkono wako wa kuhesabu ndio unaopanga ukubwa. Anza na kipande cha majaribio, maana nyekundu nyingine hazisogei kirahisi. Madoa meupe kabisa yafanye kwa jeli.

Pindo liachie penseli. Kila mtu ana mpaka wake. Mimi nafasi ikiwa ndogo kuliko punje ya mchele sisogezi maka hata niwe na usingizi mzuri kiasi gani. Pindo lote nalipaka rangi moja nyepesi kwa maka, kwa kuvuta haraka katikati, kisha maua na majani nayaweka juu kwa penseli mbili zilizochongwa, na kiini cha kila ua kwa nukta ya jeli. Kwa macho ya anayesoma kadi, nukta tatu za kijani karibu na nukta ya chungwa ni ua. Hatachungulia zaidi ya hapo.

Hukuniuliza kuhusu jina la leso, yaani maneno yanayoandikwa juu yake, ila ninajua utauliza, kwa sababu leso isiyo na jina kwa mtu wa Pwani ni kitambaa tu. Kwenye picha ya sentimita 8 herufi zingekuwa ndogo kuliko mdudu chungu, na wino utazimeza. Acha utepe mtupu mahali pa jina, uuwekee vijistari vya kalamu nyembamba, na jina lenyewe liandike kwa mwandiko mzuri chini ya picha, kwenye kadi. Bibi arusi atalisoma vizuri zaidi.

Piko ni kazi ya dakika 3. Paka vidole na kiganja, vikauke, halafu chora kwa kalamu nyeusi ya 0.05: ncha ya kila kidole nukta iliyojazwa, na mgongoni mwa mkono tawi moja lenye majani matatu. Usijaribu maka hapo.

SWALI: Ninaandika kutoka Kisumu. Maka zangu zinakauka haraka, na bei ya zile za Japani inanishinda. Je, nizitupe nianze upya? Na ni lazima niwe na rangi zote?

JIBU: Ndugu, Copic Sketch zina rangi 358 na sijawahi kukutana na mtu aliyezihitaji zote. Kwa picha za mihuri ninaanza na maka 12: hudhurungi tatu, kijivu mbili, nyekundu mbili, kijani mbili, bluu mbili, na ile 0. Kama kila familia ina nyepesi na iliyokoza zinazopatana, vivuli unavyo. Ukipata fedha baadaye, nunua chupa ya kujazia kabla ya kununua rangi mpya, maana chupa moja hujaza maka mara nyingi, ilimradi kampuni yako inaiuza na ncha zake zinabadilishika. Seti za bei nafuu nazo zinafanya kazi; angalia tu kwamba upande mmoja una brashi inayopinda, kwa kuwa ncha ngumu kama ya kalamu ya ubao hushusha wino mwingi mno kwenye kitu kidogo.

Kifuniko kibonyeze hadi usikie kimelia, na maka za ncha mbili zilaze, usizisimamishe, la sivyo wino hushukia upande mmoja na mwingine ukabaki na njaa. Usiziache kwenye dirisha lenye jua. Zile zilizokauka nusu usizitupe hata moja. Zifunge kwa mpira zikae peke yake: kwa gauni hazifai tena, lakini zina wino kidogo, na vifungo vya milimita 2 ninavipaka kwa hizo tu.